Picha haijui kusema hapana

Tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya walipiga kura ya maoni kuhusu rasimu ya katiba mpya. Ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua, tume ya uchaguzi ilitoa alama mbili za matunda: ndizi kwa anayeikubali rasimu, chungwa kwa anayeikataa. Chungwa likashinda kwa takriban asilimia 58. Haukupita muda, wanasiasa waliokuwa wameongoza upande wa kukataa wakalichukua tunda lile wakaliundia vuguvugu, na vuguvugu likazaa chama. Kufikia uchaguzi wa 2007, chungwa lililokuwa limesema "hatuitaki rasimu hii" lilikuwa alama ya watu wanaoomba kuingia Ikulu.

Tanzania nayo iliwahi kupita huko. Katika uchaguzi wa 1965, chini ya mfumo wa chama kimoja, wagombea wawili wa jimbo walipewa alama mbili, jembe na nyumba. Alama hizo hazikuwa na sera ndani yake. Zilikuwepo ili mpigakura amtambue mtu ambaye habari zake alikwisha kuzisikia kwa maneno mkutanoni.

Ninaanzia hapo kwa sababu siku hizi inasemwa sana, tena na watu wenye elimu yao, kwamba picha zimekuwa maandishi mapya ya dunia. Emoji, tunaambiwa, ni lugha ya watu wote. Ikoni za kwenye simu husomwa na kila mtu, hata ambaye hakukanyaga darasa. Eti binadamu anarudi kwenye maandishi ya Wamisri wa kale. Mimi nasema sivyo, na nadhani kosa hili lina madhara. Picha inaweza kuonyesha, kukumbusha, kuonya na kupamba. Haiwi maandishi mpaka ifungwe kwenye maneno ya lugha fulani, kiasi kwamba watu wawili wasiojuana, kila mmoja akiwa chumbani kwake, wakiisoma kwa sauti watatamka maneno yale yale. Chungwa la 2005 halikuwa na kukataa ndani yake. Ilibidi redio, magazeti na mikutano ya hadhara itangaze kwanza, kwa maneno, kwamba safari hii chungwa maana yake ni hapana.

Jaribu kuchora kukataa. Utachora chungwa kisha utalikata kwa mstari mwekundu. Mstari ule nao ni wa kufundishwa, hauzaliwi na mtu. Hata aliyefundishwa atabaki anajiuliza: hakuna machungwa? Ni marufuku kuyala? Siyapendi? Siyo yangu? Kisha jaribu kuchora "labda", "kama", "juzi", "eti". Kitenzi kimoja cha Kiswahili, "asingalikuja", kimebeba mtu, kukanusha, sharti na wakati uliokwisha kupita, vyote kwa mkupuo, na mtoto wa darasa la pili anakiandika kwa herufi kumi na mbili. Sijaona bado mchoro unaoweza kukibeba bila mchoraji kusimama kando yake akieleza.

Hoja ya Misri ndiyo inayopotosha wengi. Ukitazama ukuta wa hekalu la kale unaona bundi, simba, miguu, macho, maji, na ni rahisi kuamini kwamba kila picha inasema kile inachokionyesha. Lakini angalia bamba la mfalme Narmer, la karibu mwaka 3100 kabla ya Kristo. Jina lake limechorwa kwa picha mbili: samaki aina ya kambare, na patasi. Kambare kwa lugha yao alitamkwa "nar", na patasi "mer". Samaki yule hana habari ya maji wala ya kitoweo; amekodishwa kwa ajili ya sauti yake tu.

Kusini mwa Iraki ya leo, katika mji wa Uruk, hatua zenyewe zinaonekana moja baada ya nyingine. Vibao vya udongo vya karibu mwaka 3300 kabla ya Kristo ni hesabu za ghala: alama za idadi, na kando yake kichwa cha ng'ombe, shayiri, chombo cha bia. Karani aliyekuwepo siku ile alielewa kama ng'ombe wale waliingia au walitoka, walikuwa deni au sadaka. Asiyekuwepo aliona ng'ombe na idadi. Baadaye makarani wakagundua jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko gurudumu. Katika Kisumeri, lugha ya makarani hao, mshale uliitwa "ti", na uhai nao uliitwa "ti". Uhai hauchoreki. Basi wakachora mshale wakasoma uhai.

Tulifanye kwa Kiswahili ili lionekane vizuri. Mchore kaa, yule wa ufukweni mwenye magando. Sasa sema kwamba mchoro huo nitausoma pia ninapotaka kumwambia mtu "kaa", yaani aketi, au ninapotaja kaa la moto jikoni. Kuanzia hapo magando hayana kazi tena. Naweza kuyachora harakaharaka, nikayapunguza yakabaki mikwaruzo miwili, na msomaji wangu hatapotea, kwa sababu anachokitafuta ni sauti. Ila kuna gharama. Mgeni asiyejua Kiswahili, ambaye mwanzo alimtambua mnyama wangu bila shida, sasa hajui ninasema nini. Mchoro umeacha kueleweka na dunia nzima ili uweze kusema chochote ndani ya lugha moja. Wanaotamani maandishi ya picha yatakayosomwa na binadamu wote wanataka kupata faida ya biashara hiyo bila kulipa bei yake, na katika miaka zaidi ya elfu tano sijui aliyefanikiwa.

Kama unataka kuona tofauti bila kutoka Tanzania, nenda Kolo, wilayani Kondoa, kwenye michoro ya mapangoni iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna twiga, kuna pofu, kuna watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, wengine kama wameshikana. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951, na watafiti wamebishana tangu hapo. Ni uwindaji? Ni ngoma ya uganga? Ni ndoto? Kazi ile ni nzuri kupita nyingi za leo, na waliochora hawakuwa na upungufu wowote wa akili. Lakini maneno yaliyoandamana nayo yamekwenda na wenyewe. Kutoka Uruk tunazo stakabadhi za bia. Kutoka Kolo hatuna hata jina la mtu mmoja, na hilo linaniuma kila ninapotazama picha zake.

Ulaya ilipoteza muda mrefu kwa kuamini kwamba picha za Wamisri husema moja kwa moja akilini. Athanasius Kircher, padri Mjesuiti aliyefanya kazi Roma katika karne ya 17, alikuwa msomi kwelikweli; alijua lugha nyingi na aliandika vitabu vikubwa. Alipofika kwenye jina la farao Apries lililochongwa kwenye mnara, alilifasiri kuwa sentensi nzima kuhusu baraka za mungu Osiris, ibada takatifu na neema za mto Nile. Jina la mtu likawa hotuba. Alichokosa si bidii. Alishika dhana mbovu, na dhana mbovu haina kizuizi: ukishakubali kwamba simba maana yake ni nguvu, au ufalme, au jua, hakuna wa kukwambia umekosea. Jean-François Champollion alipofumbua fumbo hilo mwaka 1822, akisaidiwa na jiwe la Rosetta lenye tangazo lile lile kwa Kimisri na kwa Kigiriki, alionyesha kwamba simba aliyelala katika jina la mfalme Ptolemaio ni sauti ya "l". Basi. Kutoka hapo majina yakaanza kusomeka, kisha sentensi, kisha barua za watu wanaolalamikia mishahara.

Wachina hutajwa hapa pia. Sitakaa nao sana: sehemu kubwa kabisa ya herufi zao hubeba kipande cha sauti ndani yake. Herufi ya "mama" ni mwanamke na farasi, na farasi yumo kwa sababu naye hutamkwa "ma".

Kuna kisa kimoja ambacho watetezi wa maandishi ya picha walikitegemea kwa miaka mingi, nacho kinatoka Siberia. Katika miaka ya 1890, Mrusi mmoja aliyekuwa uhamishoni, Shargorodskii, aliishi miongoni mwa Wayukaghir, jamii ndogo ya wawindaji na wavuvi. Alileta michoro iliyokatwa kwenye magome ya miti. Mmoja ulikuwa na maumbo marefu membamba, kama mwavuli uliofungwa, yamezungukwa na fremu za nyumba, na mistari inayotoka umbo moja kwenda jingine. Ulichapishwa, ukanakiliwa kitabu hadi kitabu, ukapata umaarufu kama barua ya mapenzi: msichana anamlilia mpenzi aliyekwenda kuishi na mwanamke wa Kirusi, anasema bado anamuwaza, na kwamba yupo mwanamume mwingine anayemtaka. Habari tele, hisia tele, na hakuna neno hata moja! Mwanaisimu Mwingereza Geoffrey Sampson aliutumia katika kitabu chake cha 1985 kama mfano wa mawasiliano ya alama yasiyopitia lugha.

Miaka minne baadaye, mwanaisimu Mmarekani John DeFrancis alirudi kwenye chanzo chenyewe. Akakuta kwamba ile haikuwa barua, na haikutumwa kwa mtu yeyote. Ulikuwa mchezo. Vijana walikusanyika, msichana akaketi akaanza kuchonga gome, na wenzake wakamzunguka wakikisia: huyu ni nani? Anakwenda wapi? Anamkataa au anamtaka? Wakikosea, wanaambiwa. Wakipatia, kicheko. Kwa kuwa kijiji kilikuwa kidogo na kila mmoja alijua nani anamtazama nani, kisa chote kilijengeka kutoka vinywani mwao. Gome lilikuwa na mistari. Kisa kilikuwa kwenye mazungumzo. Msomi aliyelipata gome lile kitabuni, maelfu ya kilomita kutoka pale, alipewa na tafsiri yake chini, akadhani tafsiri imetoka kwenye picha.

Kila ninapoletewa mfano wa picha inayojisema yenyewe, sasa huuliza swali moja: nani alikuwa amesimama pembeni akieleza?

Uliza hivyo kuhusu simu yako. Ikoni za kompyuta zilianza kuuzwa kwa umma na mashine ya Xerox Star mwaka 1981, zikasambaa kupitia Macintosh mwaka 1984, na tangu mwanzo ziliandamana na majina yaliyoandikwa. Fungua simu sasa hivi: chini ya karibu kila ikoni kuna neno. Ondoa maneno yale, umpe mtu ambaye hajawahi kuishika, na atagusa mpaka achoke. Ikoni ya kuhifadhi faili mpaka leo ni picha ya flopi diski, kifaa ambacho vijana wengi wa chuo hawajawahi kukigusa. Wanaibofya vizuri tu kwa sababu walifundishwa kwamba kile kimraba huhifadhi. Ingekuwa picha ya kikapu, wangejifunza kikapu. Ikoni ni kitufe chenye alama, na kama kitufe inafanya kazi nzuri. Lakini kubonyeza si kusoma.

Emoji zina heshima yake, na ninazitumia kutwa. Shigetaka Kurita alipobuni zake 176 kwa ajili ya kampuni ya simu ya NTT DoCoMo mwaka 1999, kila moja ikiwa nukta 12 kwa 12, alikuwa na watu wanaotumiana ujumbe mfupi mno, usio na sura wala sauti ya msemaji. Emoji zikarudisha jicho, tabasamu, mkono. Hiyo ndiyo kazi ya ishara za mwili, na ishara za mwili huhitaji maneno ya kuegemea. Chukua kundi la WhatsApp la michango ya harusi. Mweka hazina anaandika: "Shemeji, ahadi yako ya laki moja utaikamilisha Ijumaa?" Jibu linakuja, viganja viwili vilivyounganishwa. Ni ndiyo? Ni nisamehe mwaka huu? Ni nimekuona, asante? Ni tumwombe Mungu? Mweka hazina hawezi kuandika viganja kwenye daftari la mahesabu. Itabidi ampigie.

Tena picha haishiki hata umbo lake. Mwaka 2016 Apple iliibadilisha emoji ya bastola ikawa bastola ya maji, ya kuchezea, na kampuni nyingine kubwa zikafuata mwaka 2018. Katikati hapo, mtu wa iPhone aliweza kutuma mchezo wa watoto, na mwenye simu ya aina nyingine akapokea silaha. Herufi "b" haiwezi kufanyiwa hivyo. Iandike kwa wino, kwa chaki, kwa mwandiko wa daktari, iwe nene au nyembamba, "baba" hageuki kuwa mtu mwingine. Waswahili tumeliona hili kwa namna yetu: Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, uliandikwa kwa hati za Kiarabu, leo tunausoma kwa Kilatini, na maneno ni yale yale kwa sababu kilichoandikwa kilikuwa lugha.

Hoja nzito upande wa pili ni ya tarakimu, na ninaiheshimu. Kwenye bahasha ya dawa mfamasia anaandika 1x3. Mswahili wa Tanga anasoma "kimoja kutwa mara tatu". Mfaransa atasoma kwa Kifaransa, na wote watameza sawa. Hapa alama ni kali, haina ubishi, na haijafungwa kwenye lugha moja. Je, si maandishi yasiyo na lugha? Jibu langu ni kwamba tarakimu zimepata ukali huo kwa kujibana kwenye jambo moja, idadi, na kila anayezisoma alifundishwa kwa maneno kwanza. Itazame bahasha ile ile. Mfamasia hawezi kukukabidhi akanyamaza. Ataongeza kwa mdomo au kwa kalamu: baada ya kula, usiache hata ukipata nafuu, ukiona vipele, rudi. Maneno hayo matatu ndiyo yanayoweza kukuokoa, na hakuna hata moja lililoko ndani ya 1x3.

Charles Bliss alijaribu kuvuka mpaka huo. Alikuwa mkimbizi Myahudi aliyenusurika kambi za Dachau na Buchenwald, akaishi Shanghai, akaenda Australia, na mwaka 1949 akachapisha mfumo wa alama alioamini utazuia watu kudanganywa kwa maneno. Namwonea huruma na ninamstahi. Mfumo wake ulipata watumiaji wa kweli Toronto mwaka 1971, kwa watoto wasioweza kuongea kwa sababu ya mtindio wa ubongo, na uliwafungulia dunia. Lakini ulitumikaje? Ubao una alama, na juu au chini ya kila alama limechapwa neno, ili anayezungumza na mtoto alisome. Walimu waliufanya daraja la kuwafikisha watoto kwenye lugha ya kawaida, na Bliss akagombana nao vikali kwa ajili hiyo. Walimu walikuwa sahihi.

Pale ambapo uhai wenyewe uko hatarini, mipaka ya picha huonekana wazi zaidi. Alama ya mionzi, ile yenye mapanga matatu, ilibuniwa Berkeley, Marekani, mwaka 1946. Kwa asiyefundishwa haisemi lolote. Anaweza kuidhania feni. Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazili, watu waliokota mashine ya tiba ya mionzi iliyotelekezwa, wakaifungua, wakavutiwa na unga uliong'aa buluu gizani. Wanne walikufa. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilitangaza alama ya nyongeza baada ya mradi wa miaka mitano, uliofanyiwa majaribio katika nchi 11, Kenya ikiwemo: pembetatu nyekundu, mawimbi ya mionzi, fuvu la kichwa, na mtu anayekimbia. Ni kazi nzuri na natumaini itaokoa watu. Sasa tazama alama hiyo inasema nini baada ya juhudi zote hizo: hatari, ondoka. Haisemi umbali gani, wala kwa nini, wala umwite nani, wala ufanye nini kama umekwisha kugusa.

Wanawake wa Pwani wamelijua hili muda mrefu. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Michoro ya korosho na maua huvutia jicho dukani, lakini ugomvi, mapenzi na majibu hupelekwa na jina. "Japo sipati tamaa sikati" haiwezi kubebwa na korosho, hata iwe nzuri namna gani. Ndiyo maana mnunuzi huikunjua kanga aone jina kabla hajatoa pesa.

Nimesema kosa hili lina madhara. Kwa takwimu za serikali, mwaka 1967 watu wazima 67 kati ya 100 Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 idadi ilidaiwa kushuka chini ya 10. Hata ukizipunguza takwimu hizo, nyuma yake kulikuwa na madarasa ya kisomo chini ya miembe, walimu wa kujitolea, na mradi uliokuwa na makao yake Mwanza. Leo ukizungumzia kisomo cha watu wazima unajibiwa kwamba simu janja imemaliza tatizo: mama anaona picha, anagusa, mambo yanaenda. Yanaenda kweli, mpaka kwenye mkopo. Skrini ya mkopo wa simu ina kitufe cha kijani chenye alama ya vema, kikubwa, kinachoeleweka. Juu yake kuna mstari mdogo, "vigezo na masharti", na ukiufungua unaweza kukutana na kurasa za Kiingereza. Riba ni kiasi gani, siku ni ngapi, nani atapigiwa simu ukichelewa, kama programu itasoma majina yote yaliyomo kwenye simu yako: yote haya yamo kwenye sentensi. Alama ya vema haina hata moja.

Ninachotaka kwa wasimamizi wa huduma hizi ni kidogo na kinawezekana. Masharti yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe kwa sauti ndani ya programu kwa asiyejua kusoma, na kitufe cha kukubali kisifunguke mpaka usomaji uishe. Na halmashauri zirudishe madarasa ya kisomo, jioni, sokoni na kwenye vituo vya bodaboda, kwa watu wanaoguswa na mikataba hii kila wiki. Sentensi inayoanza na "usipolipa ndani ya siku saba" ina kukanusha, sharti na muda. Anayeibeba dhamana yake anastahili kuisoma mwenyewe kabla ya kubofya.